Maji yako wapi? Vijana, filamu na chakula cha Ziwa Mweru

(Haya ni maandishi ya kipindi, kwa waliokosa kusikia hewani na kwa wanaopenda kusoma polepole. Ukimaliza, mpe jirani. Usifungie vitumbua.)

(Muziki unaingia, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Vijana, leo zamu ni yenu, lakini wazazi msizime redio, maana mtatajwa.

Nianze na jioni moja. Tulikuwa vijana sita. Tulikuwa tumetengeneza filamu yetu ya kwanza kwa simu, filamu ya dakika sita juu ya bukari wa muhogo na sombe. Tuliazima projekta ndogo, tukafunga shuka jeupe kwenye ukuta, watu wakaja na mikeka. Watoto walikaa mbele kabisa, wengine karibu wameze shuka. Filamu ikaanza. Dada anachimba muhogo. Dada anautia muhogo kwenye ndoo ya maji. Halafu picha inabadilika, dada anatwanga. Picha inabadilika tena, unga mweupe unachekechwa, na muziki mzuri chini yake. Tulijivunia sana pale kwenye muziki.

Mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa upande wa Moba, akasimama. Akauliza, "Maji yako wapi?"

Mwenzangu akamjibu kwa heshima, "Mama, maji yapo. Umeona muhogo ukiingia kwenye ndoo."

Akasema, "Nimeuona unaingia. Nimeuona unatoka. Siku zake ziko wapi?"

Watu wakacheka, na sisi tukacheka. Yeye hakucheka. Akasema kwamba wakati wa kukimbia walichimba muhogo mchungu kwenye shamba la watu wasiowajua, usiku, wakauchemsha usiku uleule kwa sababu njaa haikungoja. Kulipokucha mtoto wa dada yake alikuwa anatapika. Hapo akanyamaza, akakaa. Hatukumuuliza zaidi.

Ndugu msikilizaji, nawe unayesoma, kipindi cha leo kinaeleza jinsi kijana anavyoweza kutumia filamu fupi ya kweli kuwafanya wenzake wapende chakula cha hapa tulipo. Lakini siwezi kueleza hilo bila kueleza kosa letu, kwa sababu mama yule alituonyesha jambo ambalo kijana yeyote mwenye simu anapaswa kulijua kabla hajapiga picha chungu cha mtu.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Kwanza muhogo wenyewe. Wengi wetu tumekula muhogo tangu tukiwa na meno mawili, lakini ukimuuliza kijana kwa nini unalowekwa, atakwambia ni ili ulainike. Kulainika ni dalili tu. Muhogo mchungu una ndani yake kitu ambacho ukikatwa au kusagwa hutoa sumu ya sayanaidi. Mmea umejiwekea sumu hiyo ili wadudu na wanyama wasiumalize, na ndiyo maana mababu waliupenda. Nguruwe pori akionja, anaondoka. Ukiuloweka siku tatu, nne, hata tano wakati wa baridi, unachacha, sumu inaachiliwa na kutoka pamoja na maji. Kisha unaumenya, unaukausha juani vizuri, unautwanga. Kila hatua inaondoa kiasi.

Mtu akiruka siku hizo, mambo mawili yanaweza kumpata. La kwanza ni la usiku uleule: kichwa, kizunguzungu, kutapika, na kwa mtoto mdogo hata kifo. La pili linakuja kwa wale wanaokula muhogo usioiva kwa maji, wiki baada ya wiki, bila samaki wala maharage. Siku moja miguu inakataa, inakakamaa, na haipoi tena. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Jina ni la watu wa Kwango, kule magharibi mwa Kongo yetu, maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari aliyeandika habari zake mapema, Trolli, aliandika mwaka 1938 kutoka Kwango hukohuko. Mwaka 1981 ukame ulipopiga Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipata ugonjwa huo, wengi wao akina mama na watoto. Hawakuwa wajinga. Walijua kuloweka kama sisi tunavyojua. Njaa ndiyo iliyopunguza siku.

Angalia sasa jambo la kupendeza ambalo mimi mwenyewe sikulijua. Mwili wa binadamu unaweza kuivunja sumu ndogo inayobaki, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa, na salfa inatoka kwenye protini: samaki, maharage, karanga, nyama. Kwa hiyo bibi anayesema bukari bila mboga si chakula hasemi kwa kudeka. Chisense kwenye sahani ni ulinzi wa miguu yako.

Na sombe nayo ina sheria yake. Majani machanga yanatwangwa sana, kisha yanachemshwa muda mrefu, chungu kikiwa wazi mwanzoni ili mvuke utoke. Mwenye haraka akale lengalenga.

Sasa rudi kwenye filamu yetu. Filamu inakula muda. Hiyo ndiyo kazi yake, na ndiyo sababu tunaipenda: mtu anapanda gari Lubumbashi, anashuka Lusaka, nawe hujamaliza karanga mkononi. Lakini chakula chetu kingi kimetengenezwa kwa muda. Muda ni kiungo kama chumvi. Sisi tulikata siku nne kwa mkasi, na kijana wa miaka 14 aliyekaa kwenye mkeka, ambaye mama yake anachelewa shambani, angeweza kwenda nyumbani akatia muhogo ndooni jioni na kuutoa asubuhi, akijua kabisa kwamba ameona hivyo kwenye filamu.

Tulirudia. Tuliweka ndoo mahali pamoja, simu juu ya matofali matatu mahali pamoja, tukapiga picha kila asubuhi. Dada anashika karatasi yenye namba: 1, 2, 3, 4. Siku ya kwanza maji ni maji tu. Siku ya pili kuna mapovu madogo. Siku ya tatu dada anakunja pua, na watoto walipoona pua ile walipiga kelele kuliko kwenye mpira. Siku ya nne anauminya muhogo kwa vidole viwili, unapasuka. Filamu ikawa ya dakika tisa. Hakuna aliyechoka. Mama wa Moba alitazama hadi namba 4, akasema, "Sasa."

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Utaniuliza, kwa nini filamu? Kliniki ipo, wahudumu wa afya wapo, mabango yapo. Ni kweli. Lakini tazama nani anaitwa kwenye mafunzo ya lishe: mama mjamzito na mama mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto anapimwa mkono kwa ule utepe wa rangi. Vizuri sana, na iendelee. Uchunguzi wa taifa wa Zambia wa mwaka 2018 ulikuta watoto 35 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mkoa wetu huu wa Luapula ni kati ya iliyo na hali mbaya zaidi. Mkoa wenye ziwa na samaki! Lakini msichana wa miaka 15, ambaye baada ya miaka michache atakuwa ndiye mama mjamzito, haitwi popote. Mvulana haitwi kabisa. Yeye akipata kwacha kidogo kwa kubeba mizigo anakwenda kununua soda na kitumbua, anasikia ameshiba.

Na kuna aibu. Tuiseme wazi. Sisi tuliokuja kutoka Pweto, Moba, Manono na kwingineko, tuliopitia Kenani mwaka 2017 na kuhamia hapa Mantapala kuanzia 2018, tulikula majani njiani. Kwa hiyo kijana akiona sombe anaona ile njia. Anasema, hiki ni chakula cha taabu, nikipata pesa nitakula wali na kuku kama watu. Mwenyeji wetu wa Nchelenge naye ana aibu ya aina nyingine: katapa na kalembula ni vya kijijini, mjini wanakula chipsi. Aibu mbili, sahani moja.

Huwezi kumwondolea mtu aibu kwa kumhubiria vitamini. Nimejaribu hewani, mnakumbuka, na simu tulizopata zilikuwa za kuomba nyimbo. Lakini kitu kikionekana kwenye skrini, kikubwa kama mlango, na rangi yake, na mtu unayemjua amekishika, kinapata cheo. Mafuta ya mawese yakimwagika kwenye sombe, mekundu, jua likipita ndani yake, hata mimi nilimeza mate, na nilikuwa nimeshakula.

Hata hivyo filamu si dawa yenyewe. Historia inatuambia hivyo. Mwaka 1935, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, Baraza la Kimataifa la Wamisionari lilianzisha mradi huko Vugiri, kwenye milima ya Usambara, wenye jina la Bantu Educational Kinema Experiment. Waliouongoza ni Meja Notcutt na bwana Latham, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkuu wa elimu ya Waafrika hapa hapa, Zambia ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Hadi 1937 walitengeneza filamu fupi zaidi ya 30 kuhusu kilimo, malaria, minyoo na kuweka akiba posta. Sauti ilirekodiwa kwenye santuri kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwemo, wakazunguka na lori Afrika Mashariki hadi huku kwetu. Watu walijaa kutazama. Kazi ilikuwa kubwa. Lakini mafunzo yalikwenda upande mmoja: anayejua yuko nyuma ya kamera, asiyejua yuko mbele ya skrini. Hakuna aliyemuuliza bibi chochote.

Geuza upande wa pili. Huko Kenya mboga za kienyeji, kama mnavu, mgagani na majani ya kunde, zilifika mahali zikadharauliwa kama chakula cha maskini. Watafiti wa mimea, makumbusho ya taifa na watu wa utamaduni walifanya kazi ya miaka mingi kuzirudisha mezani. Sehemu moja ya kazi hiyo ndiyo inayonifurahisha: wanafunzi wa shule za msingi, wa jamii ya Isukha magharibi mwa Kenya na wa Pokot Mashariki, walitumwa kwenda kuwauliza wazee wao wenyewe. Mnakula nini? Kinapikwaje? Kinaliwa lini, na nani haruhusiwi kukila? Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi hiyo ya Kenya kwenye orodha yake ya mifano mizuri ya kulinda utamaduni. Mtoto aliyeuliza swali anakumbuka jibu kuliko mtoto aliyeambiwa jibu.

Na wakimbizi wenzetu wa Kakuma, kaskazini mwa Kenya, wameanza muda mrefu. Shirika la FilmAid lilianza kuonyesha filamu pale mwaka 2001, jioni, kwenye skrini kubwa ya nje, kisha likawafundisha vijana wa kambi kutengeneza zao. Vijana wale walijifunza kamera wakiwa na vumbi na joto kutuzidi sisi. Kwa hiyo usiniambie haiwezekani.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Tuje kwenye kazi. Chukua kalamu kama unayo.

Chagua chakula kimoja tu. Si "lishe bora", hiyo si filamu, hiyo ni semina. Chagua chisense. Au matembele. Au lumanda. Kisha tafuta swali moja ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake. Sisi kwenye chisense tuliuliza: kwa nini wengine wana mchanga na wengine hawana? Swali la kitoto. Lilitupeleka hadi Kashikishi.

Chisense, kwa wageni wa ziwa hili, ni dagaa wa Mweru. Wanavuliwa usiku kwa taa. Ukisimama ufukweni giza likiingia utaona taa juu ya maji kama mji mwingine umeota huko, na ng'ambo kabisa ni Kongo, kwetu, maana ziwa hili ni la nchi mbili. Asubuhi samaki wanaanikwa. Akianikwa juu ya mchanga mtupu, anakauka na mchanga wake, nawe utausikia kwenye meno. Akianikwa juu ya kichanja, hewa inapita chini, anakauka haraka na safi. Mama tuliyemrekodi alituonyesha mikono miwili, samaki wa mchanga na samaki wa kichanja, kisha akavunja mmoja wa kila aina karibu na simu ili tusikie. Mlio ni tofauti! Sekunde tano zile ndizo watu wanazoziomba turudie kila tukionyesha.

Halafu tuliongeza jambo moja tu la lishe. Samaki huyu analiwa mzima, kichwa na mifupa. Kwenye kichwa na mifupa ndimo ilimo kalisiamu ya mifupa yako, na ndani yake mna madini ya chuma na vitamini A. Kijana anayemkata kichwa ili aonekane mstaarabu ametupa sehemu aliyoilipia. Hatukusema zaidi ya hapo. Ukitia mambo saba ya lishe kwenye filamu moja, watu watakumbuka muziki.

Picha ya nyuma nayo inafundisha. Hili lilituumiza kichwa. Kwenye klipu yetu nzuri kuliko zote, nyuma ya mama, kulikuwa na chandarua cha mbu kimetandazwa na samaki juu yake. Nchelenge ni kati ya wilaya zenye malaria nyingi sana Zambia, kila mmoja wetu ameugua au ameuguza. Mtazamaji hachagui, macho yake yanachukua vyote. Tuliiacha klipu ile. Niliumia, mwanga wake ulikuwa wa asubuhi na wa dhahabu.

Kuhusu simu: ilaze, usiisimamishe. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa, kina mafuta ya vitumbua. Sauti ni muhimu kuliko picha. Mtu atavumilia picha yenye giza, lakini sauti ya upepo wa ziwa itamfukuza. Kaa karibu na anayeongea, mgongo wako uzuie upepo. Ukiwa na simu mbili, moja ipige picha, nyingine iwekwe kwenye kitambaa karibu na mdomo wake irekodi sauti. Usipande mtumbwi kwa ajili ya picha. Ziwa halijui kama wewe ni msanii.

Omba ruhusa, na iombe mara mbili, kabla ya kurekodi na baada ya mtu kuona alivyotoka. Wenzetu wengine wana sababu za kutotaka sura zao zionekane, na kwenye makazi ya wakimbizi sababu hizo hazihojiwi. Piga picha mikono. Mikono inapika, sura haipiki. Filamu yetu ya sombe haina sura hata moja ya mtu mzima, na kila mtu alimjua mpishi kwa kuona anavyoushika mchi.

Zungumza na wazee hasa juu ya vilivyopotea. Mzee mmoja mvuvi alitusimulia mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mto Luapula kwa makundi kutaga mayai wakati wa mvua. Sisi hatumjui kwa kumla. Miaka ya 1940 migodi ya Katanga na ya Copperbelt ilihitaji chakula cha wafanyakazi, nyavu zikawekwa mtoni samaki wakiwa na mayai tumboni, na ndani ya miaka michache uvuvi ule ukaporomoka. Kijana aliyesikia habari hiyo kwa mzee anaelewa vizuri kwa nini Zambia inafunga uvuvi kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Kabla ya hapo aliona ni maaskari tu wanaosumbua watu.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa kuna lawama tuliyoipata, na niliahidi wazazi na vijana watatajwa wote.

Baada ya kuonyesha filamu ya sombe mara ya pili, kaka mmoja aliuliza mbele ya watu, "Mnatuonyesha karanga. Karanga ziko wapi? Mnatuonyesha mafuta mekundu. Nani ananunua?" Kimya kikaingia. Alikuwa na haki. Mgao unapopungua, filamu ya chakula ambacho mtu hawezi kukipata ni matusi yenye muziki. Tulikuwa tumepika sombe ya sikukuu.

Tangu siku hiyo tuna sheria: chungu kwenye filamu kiwe chungu cha siku ya kawaida, na bei isemwe pamoja na mwezi wake, maana bei ya Januari si ya Juni na filamu itabaki kwenye simu za watu baada ya bei kuhama. Tukatengeneza filamu ya tatu, ya dakika nne, juu ya matembele. Shina la matembele huombwa kwa jirani bure. Unakata kipande chenye vifundo vichache, unakifukia kando ya mahali unapoogea ili maji yasipotee, na baada ya wiki chache unaanza kuchuma majani. Ukipata mbegu ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa, utakula majani juu na vitamini A chini, kama ilivyo kwa mahindi ya rangi ya chungwa ambayo Zambia iliyatoa kwa wakulima kuanzia 2012. Kaka aliyelalamika ndiye aliyeshika simu kwenye filamu hiyo. Hakutaka mwanzoni. Alisema anakuja kuhakikisha hatudanganyi. Anapiga picha vizuri kuliko sisi sote, na nimemwambia.

Kuonyesha ni nusu ya kazi. Usiache filamu iende hadi mwisho kama sinema ya mapigano. Simamisha. Kabla ya namba 4 kutokea, simamisha, uliza, "Muhogo huu uko tayari?" Acha watu wabishane kwa Kiswahili na Kibemba. Wabemba watasema tunaloweka hivi, watu wa Manono watasema sisi hivi, na kijana aliyekaa katikati anasikia elimu ambayo hakuna aliyemlazimisha kuisikia. Awepo mtu wa kueleza kwa lugha ya pili, kama wanavyofanya wale mabingwa wa kutafsiri filamu kwenye vibanda vya video Tanzania na Uganda. Yetu anafanya dada mmoja wa kidato cha tatu, na anaongeza vichekesho ambavyo havimo kwenye filamu. Tumemwachia.

Na kama mnaweza, mwe na chungu chenyewe pale. Kijiko kimoja kwa kila mtu kinatosha. Mvulana aliyesema mbele ya rafiki zake kwamba hali majani ya muhogo, alikula giza lilipoingia vizuri. Mimi nilimwona. Sitamtaja, anajijua, na alirudi mara ya pili.

Je, vijana wamebadilika? Sitawadanganya. Soda bado zinauzwa. Ninachoweza kusema ni nilichokiona: filamu ya matembele imehama kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth hadi ikanirudia mimi kwa mtu nisiyemjua, na wavulana wawili waliniomba shina. Ni wawili. Nimewahesabu.

Matangazo ya mwisho. Ijumaa hii, jua likishazama, tunaonyesha filamu zote tatu kwenye ukuta uleule. Njoo na mkeka na shati la mikono mirefu, mbu ni wengi. Mwenye powabenki iliyojaa atuazime, projekta yetu inakufa kwenye dakika ya arobaini. Desemba ziwa likifungwa tunataka kurekodi akina mama wanavyotunza chisense waliokaushwa wasiingie wadudu hadi Machi. Kama kwenu mna njia yenu, tuletee taarifa mapema, kwa Kiswahili au Kibemba. Vijana wa kurekodi wanahitajika wanne, wawili wawe wasichana, simu si lazima uwe nayo.

Mama wa Moba atakuwepo. Amesema safari hii anakuja na ndoo yake mwenyewe, ikiwa kwenye siku ya tatu, ili wale waliokuwa wakicheka wainuse.

(Muziki wa kufunga.)